Mbinu za Kumbukumbu kwa Wanafunzi wa Uuguzi na Faida Zake kwa Kaya

Vijana wa ukanda wa pwani, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na Kilambo karibu na mlango wa Mto Ruvuma, wanapojiunga na vyuo vya afya vya Mtwara, Ndanda na Newala hukabiliwa na kazi mbili kwa pamoja: kujifunza taaluma mpya, na kujifunza taaluma hiyo kwa Kiingereza. Wengi wao walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Haishangazi, basi, kuona mwanafunzi mwenye bidii akikariri kurasa nyingi usiku na kuzisahau kabla ya mtihani.

Jambo hili halihusu mtihani pekee. Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku katika zahanati ya kijiji hana muda wa kufungua daftari pale mtoto anapozaliwa bila kulia. Anachokikumbuka wakati huo ndicho kitakachomsaidia mtoto.

Kwa nini akili husahau

Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Alibaini kwamba sehemu kubwa ya kilichokaririwa hupotea katika saa na siku za mwanzo, na kwamba marudio yaliyogawanywa katika siku mbalimbali hudumisha kumbukumbu kuliko marudio mengi ya siku moja. Mwanafunzi anaweza kurudia somo jioni ya siku hiyohiyo, kesho yake, baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Kila mara afunge daftari kwanza na kujiuliza, ndipo alifungue kuhakiki.

Mwili wa mtoto kama kitabu

Mwaka 1952 daktari wa Marekani, Virginia Apgar, alibuni njia ya kupima hali ya mtoto mchanga kwa dalili tano. Kila dalili hupewa alama 0, 1 au 2, katika dakika ya kwanza na ya tano baada ya kuzaliwa. Jumla ya juu ni 10. Takriban miaka kumi baadaye, herufi tano za jina lake zilioanishwa na maneno matano ya Kiingereza ili zikumbukwe kwa urahisi.

Kwa asiyefikiri kwa Kiingereza, herufi hizo ni mzigo wa pili. Kutumia herufi za mwanzo za maneno ya Kiswahili nako kuna kikwazo, kwa kuwa mapigo, mwitikio na misuli yote huanza na herufi moja. Njia nyepesi ni kuusoma mwili wa mtoto mwenyewe: ngozi huonyesha rangi, moyo hutoa mapigo, uso huonyesha mwitikio anapoguswa, mikono na miguu huonyesha nguvu ya misuli, na kifua huonyesha pumzi.

Hata hivyo, mtoto asiyepumua hasubiri kuhesabiwa alama. Wakunga hufundishwa "dakika ya dhahabu": ndani ya dakika moja tangu kuzaliwa, mtoto awe anapumua au awe ameanza kusaidiwa kupumua. Maneno hayo mawili yanakumbukika upesi kuliko ukurasa mzima. Mafunzo yaliyojengwa juu yake, kwa kutumia mdoli wa mazoezi na bango la picha, yalianza kutolewa katika hospitali 8 za Tanzania mwaka 2009. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua katika hospitali hizo kwa asilimia 47.

Vidole vitano vya dawa

Kanuni tano za kutoa dawa zinaweza kuwekwa kwenye vidole vya mkono mmoja:

- Gumba: mgonjwa sahihi. Bila gumba mkono haushiki, na bila kumtambua mgonjwa kazi haianzi.
- Shahada: dawa sahihi. Kidole hiki huonyesha. Kionyeshe jina lililoandikwa kwenye pakiti.
- Kidole cha kati: dozi sahihi. Ni kirefu kuliko vyote, nacho huonya dhidi ya kuzidisha.
- Kidole cha pete: njia sahihi. Pete hupitishwa kidoleni; dawa nayo ina njia yake, iwe mdomoni, kwa sindano au kwenye ngozi.
- Kidole cha mwisho: wakati sahihi. Jambo la mwisho kukagua ni saa.

Kanuni hizi zinafaa pia nyumbani. Mzazi anayechukua dawa ya mtoto zahanati ahesabu vidole kabla ya kuondoka dirishani. Kidole kisichopata jibu ndicho swali la kumwuliza mhudumu. Kumwuliza mhudumu ni haki ya mgonjwa.

Tahadhari

Mbinu ya kumbukumbu ni mpini, na maarifa ndiyo jembe. Anayetaja vidole vitano bila kuelewa kwa nini dozi ya mtoto hutofautiana na ya mtu mzima bado hajajifunza. Aelewe kwanza, ndipo afungie maarifa hayo kwenye alama atakayoikumbuka.

Wazazi na walezi wenye vijana vyuoni wanaweza kusaidia bila kuwa na elimu ya uuguzi. Kijana anaporudi likizo, aombwe kueleza dalili tano za mtoto mchanga kwa Kiswahili chepesi. Pale mama au bibi atakapoelewa maelezo hayo, kijana atakuwa ameelewa vilevile, na kaya nzima itakuwa imepata somo.