Kuacha kazi ukiwa umeshika funguo

SWALI: Nasimamia mifumo ya kompyuta ya benki hapa Mwanza. Nimepata kazi kwingine, na nywila zote kubwa ninazo mimi. Nijiandaeje kabla ya kutoa barua?

JIBU: Ndugu yangu, tarajia kwamba siku utakayokabidhi barua, akaunti yako itafungwa kabla ya chakula cha mchana. Usiumie moyo, ndio utaratibu kwa mtu wa nafasi yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi ya maandishi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mkataba wako waweza kudai zaidi, usome. Mwajiri akikutaka uondoke papo hapo, akulipe mshahara wa kipindi hicho.

Picha za familia zilizo kwenye kompyuta ya ofisi ziondoe mapema. Taarifa za wateja usiziguse kabisa, hata jedwali ulilolitengeneza mwenyewe usiku wa manane. Mfumo huandika nani amenakili nini na saa ngapi, na wakaguzi watapekua wiki zako za mwisho.

Kinachosahaulika mno ni kazi zinazojiendesha kwa jina lako. Nakala-hifadhi ya usiku ikitegemea akaunti yako, itasimama akaunti ikifungwa, na lawama zitakufuata kazi mpya. Zihamishie kwenye akaunti ya mfumo, kwa kibali cha maandishi. Kagua pia kama misimbo ya uthibitisho inaingia kwenye simu yako binafsi.

Makabidhiano yasainiwe na pande zote mbili, nakala moja ubaki nayo.