SOMO LA WIKI: Antena nyingi, masafa yale yale

Mtaji mkubwa wa kampuni ya simu ni masafa ya redio. Masafa hayaongezeki, mwaka 2022 TCRA iliyauza kwa mnada. Faida basi hutegemea data ngapi zinapita katika kipande kile kile.

Njia ya kwanza ni kupakia wimbi zaidi. Wimbi lenye alama 4 hubeba biti 2 kwa mpigo. Lenye alama 16, biti 4. Lenye alama 64, biti 6. Ila alama zikisongamana, makelele kidogo huzichanganya.

Njia ya pili ni kuongeza antena. Mwaka 1996 Gerard Foschini wa Bell Labs, Marekani, alionyesha kuwa antena kadhaa zaweza kutuma jumbe tofauti kwa pamoja, katika masafa yale yale. Jumbe hufika zimechanganyika. Zitatenganishwaje?

Twende Soko Kuu la Songea. Tuseme mteja mmoja kanunua madebe 2 ya mahindi na debe 1 la maharage, jumla Sh. 50,000. Mwingine kanunua debe 1 la kila kimoja, Sh. 38,000. Bila kuuliza bei unajua: mahindi 12,000, maharage 26,000. Antena 2 za simu ni jumla hizo mbili. Lakini wateja wakinunua vilevile, jumla ya pili haisaidii. Ndivyo ilivyo mawimbi yanapopita njia zinazofanana.

Makelele nayo huharibu hesabu, hivyo simu hulinganisha majibu yote. Kwa alama 16 na antena 2, majibu ni 256. Kwa antena 4, ni 65,536! Kuokoa betri, hutumika njia ya mkato: ujumbe wenye nguvu husomwa kwanza, hutolewa, kisha unaofuata. Kosa la kwanza huhamia kwa wengine, kama deni lililoandikwa vibaya daftarini.

Funzo ni hili. Mnara wenye antena 4 ukikutana na simu yenye 2, simu hiyo hupokea jumbe 2 tu kwa mpigo. Hivyo mwenye hisa za Vodacom Tanzania, zilizoingia DSE Agosti 2017 baada ya kuuzwa Sh. 850, asihesabu minara pekee. Aangalie pia wateja wangapi wana simu za 4G na 5G. Muuza simu naye ajue: simu duni hupunguza kasi hata chini ya mnara mzuri.