Kinanda au Wazee?

SWALI: Naongoza kikundi cha taarab cha watu 12. Siku hizi wenye harusi wakisikia bei yetu huuliza, "Si mlete kinanda na mwimbaji tu?" Kijana wetu wa kinanda ana sauti za ganuni, udi na fidla, na kwa kweli zinafanana. Wazee wanaopiga ala hizo wanahisi wanatupwa. Nifanyeje? – Kiongozi, Ng'ambo, Unguja.

JIBU: Kiongozi, kijana hajakudanganya. Sauti zile zilirekodiwa kutoka kwenye ala zenyewe, kwa hiyo noti moja ya ganuni kwenye kinanda ni ganuni kweli. Tabu huanzia noti ya pili. Mpiga fidla huteleza toka noti hadi noti, hukaza upinde mwimbaji anapopanda, humwachia nafasi anapovuta pumzi. Kinanda kina noti. Mtelezo hakina, labda apatikane fundi hasa.

Halafu kuna maqam, yaani ngazi za sauti za Kiarabu. Maqam ya Bayati ya kuanzia re inataka mi inayokaa baina ya kibonye cheupe cha mi na cheusi kilicho chini yake. Vinanda vingi vya sasa vinaweza kuishusha mi hiyo kwa senti 50, yaani robo toni. Muulize kijana kama anajua. Kama hajui, kinanda kitagombana na fidla usiku kucha, na waalikwa watasema tu kwamba leo taarab haikunoga.

Sisemi kinanda kitupwe. Black Star ya Tanga ilipiga taarab kwa gitaa za umeme zamani, na taarab ya rusha roho ya miaka ya 1990 imesimama juu ya kinanda. Wakitaka nyimbo hizo, mwachie kijana kazi yake.

Lakini sikiliza wanachokuomba wenye harusi. Hawaombi mashine, wanaomba bei. Na taarab ya watu wachache si jambo geni kwetu. Mwimbaji Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri bila okestra, akiwa na wapigaji wachache tu. Safu za fidla masikio yetu yalizizoea baadaye, kwa kufuata Misri. Muziki wa kidumbak nao bado unarusha watu harusini kwa fidla, besi ya sanduku, ngoma mbili za vidumbak na vikorokoro vya mkononi. Basi nawe uza kikundi cha watano: mwimbaji, udi, fidla, dumbak, rika. Gari moja linawatosha. Wazee wapeane zamu. Kinanda kikiwemo, kishike besi, kisiige ala ambayo mpigaji wake amekaa pembeni.

Midundo ya mashine izime kabisa. Hapa sikubali suluhu. Mashangazi wa bibi harusi wakiinuka kutuza, mwimbaji hurudia kiitikio mara tatu, mara sita, kadiri noti za shilingi zinavyomiminika, na mpiga dumbak anayewatazama ndiye anayejua lini kuvuta na lini kufunga. Ajabu ni kwamba vikundi vikibana matumizi huyo ndiye huachwa wa kwanza.

Kijana naye mpeleke kwa mzee wa ganuni, au chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, ambako wamekuwa wakifundisha ala za taarab tangu 2002. Na ukipeleka kinanda na mwimbaji, mwambie mwenye harusi kabla hajatoa arbuni, wala usimtoze bei ya watu 12.