Kati ya Kliniki na Kliniki: Ujumbe wa Simu kwa Anayetibiwa Tatizo la Ulaji

Mgonjwa wa anoreksia au bulimia anayetibiwa akitokea nyumbani huenda akaonana na mtaalamu wake mara moja tu kwa wiki. Milo yote ya katikati anapambana nayo peke yake. Mwaka 2001, Joel Yager, daktari wa magonjwa ya akili huko New Mexico, Marekani, alieleza alivyoandikiana barua pepe na wagonjwa wake wa anoreksia kati ya miadi, huku wakiendelea kuonana ana kwa ana. Leo WhatsApp au meseji ya kawaida inatosha.

Usisubiri hadi uwe na ripoti ndefu. Andika papo hapo: "Saa saba, ugali na samaki, nimekula nusu. Shangazi kasema nimenenepa. Natamani kutapika." Mistari hiyo inamfaa mtaalamu kuliko masimulizi ya siku sita baadaye, maana ukifika kliniki ushapunguza makali, na yale maneno ya shangazi ushayasahau. Kilo zako na picha za mwili usizitume mpaka uombwe. Kwa wengi, kuhesabu namba ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Kwanza lakini mkubaliane. Atasoma saa ngapi? Atajibu ndani ya muda gani? Je, kuna malipo? Nani mwingine ataona, na ujumbe utahifadhiwa kwenye faili lako? Bila hayo, mtu hutuma saa nane usiku, akakesha akingoja tiki za bluu, na ukimya ule akauona kama kutupwa.

Simu za nyumbani nazo hupita mikono mingi. Weka namba ya siri, na uzuie ujumbe usijitokeze skrini ikiwa imefungwa. Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022 zina sheria za kulinda taarifa binafsi, na za afya zimo; una haki ya kuuliza zako zinatunzwaje.

Meseji haipimi mapigo ya moyo wala potasiamu ya damu, ambayo hushuka kwa kutapika mara kwa mara na kuweza kuuvuruga moyo. Mtu huweza kuandika "niko poa" huku yuko hatarini, kwa hiyo vipimo vya kliniki usiviruke. Ukizimia, moyo ukienda mbio au kurukaruka, ukitapika damu, au ukipata mawazo ya kujiua, usingoje jibu kwenye simu: mwite mtu aliye karibu akupeleke hospitali mara moja.