Pua Ikibonyea, Shukuru

Mdogo wangu wa Nachingwea, na wewe wa Ruangwa ambaye hela ya mnada wa korosho bado inakuwasha mfukoni, sogea hapa kabla hujamlipa dalali wa magari. Najua mnayobishana kijiweni: "Gari za siku hizi bati tupu, likigusa nguzo boneti lote linajikunja. Bora Land Cruiser la zamani, chuma!" Sikucheki. Hata mafundi wanasema hivyo.

Ila usione vyaelea, vimeundwa. Pua ile ya gari imeundwa ijikunje. Wazo ni la Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes-Benz, na mwaka 1959 likaingia kwenye magari ya kuuzwa: mbele na nyuma palegee, chumba cha abiria kikaze. Ukidondoka mkoroshoni, si heri uangukie majani kuliko jiwe? Chuma kisichobonyea kinakuletea kishindo chote kifuani. Mwaka 2009 Wamarekani waligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Malibu ya 2009, uso kwa uso, kilomita 64 kwa saa. Kwenye lile la zamani, dereva wa sanamu angekuwa mtu, asingepona. Kwenye jipya, angeumia mguu tu.

Land Cruiser halina kosa, usininukuu vibaya. Limekaa juu ya chasi kwa ajili ya mzigo na makorongo. Kosa ni lako unayeliingiza konani kama unakimbizwa. Limekaa juu, litapinduka. Na wewe wa IST uliyeweka spesa ili usikwaruze tumbo barabara ya vumbi, umelinyanyua kama hilo hilo, basi punguza mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya kugonga inakuwa mara nne. Hakuna bati litakalokubembeleza hapo.

Ukienda kukagua gari, washa swichi utazame dashibodi. Taa ya eabagi iwake, kisha izime. Isipowaka kabisa, shtuka, huenda kuna aliyeichomoa usijue. Gonga kwa kidole kuzunguka boneti; penye puti nene sauti inafifia. Pua iliyokwisha kujikunja ikanyooshwa kwa nyundo, usiitegemee ikukinge tena.

Halafu mkanda. Eabagi bila mkanda inaweza kukuumiza yenyewe. Na huyo mtoto unayempakata kiti cha mbele, jamani! Mpeleke nyuma, afungwe. Ndiyo, hata kama ni hapo kwa shangazi tu.