Kupima Kuni

Mtu akiulizwa kwamba kwao huchomwa kuni kiasi gani kwa siku, hujibu, "Mzigo mmoja," au, "Kidogo tu." Jibu hilo halimfai mchunguzi, kwa kuwa mzigo wa msichana wa miaka kumi si mzigo wa mama yake. Basi anayetaka kujua habari za kuni katika vijiji kama vile vya Nyegina, karibu na Musoma, hana budi kuchukua mizani.

Lakini salamu hutangulia mizani. Mgeni huenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji akaeleza shabaha yake, kisha hubisha hodi katika kila nyumba na kuomba ruhusa. Asipofanya hivyo atadhaniwa kuwa ametumwa kuwakamata wakata miti, nao watu watazificha kuni zao uvunguni.

Kazi yenyewe ni hivi. Asubuhi mama mwenye nyumba hutenga kuni atakazotumia, nazo hupimwa. Kesho yake, saa ile ile, zilizosalia hupimwa tena. Tuseme zilikuwa kilo 20, na zimesalia kilo 11. Basi zimechomwa kilo 9. Ikiwa waliokula ni watu 6, fungu la kila mmoja ni kilo moja na nusu. Siku moja haitoshi, maana huenda ikawa siku ya wageni, au ya kuchemsha maharage. Tena hutazamwa kama kuni ni kavu. Kuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kuyakausha maji yaliyomo ndani yake, ndiyo sababu hutoa moshi mwingi na joto haba.

Katika mafiga matatu sehemu kubwa ya joto haiingii chunguni kamwe. Katika kilo 10 za kuni, zile zinazopika ugali hasa ni kama kilo 1, au moja na nusu. Joto la zilizobaki huchukuliwa na upepo. Moshi nao hubaki jikoni, na mpishi huuvuta pamoja na mtoto aliye mgongoni mwake. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani huua watu wapatao milioni 3 kila mwaka ulimwenguni. Jiko la udongo lenye kuta, likijengwa vema, huzuia upepo na kupunguza kuni.

Je, ni nani amalizaye miti? Watu wa mjini huwalaumu upesi akina mama wa vijijini, wala si haki. Mama mwenye mafiga mara nyingi huokota matawi makavu, au huchoma mabua ya mtama. Mchoma makaa hukata shina bichi. Katika tanuri la udongo, kilo 100 za kuni kavu hutoa makaa kilo 10 hadi 20 tu. Ni kweli kwamba kilo ya makaa ina joto kama la kilo mbili za kuni, lakini hata hivyo zaidi ya nusu ya joto imekwisha kupotea porini, kabla gunia halijafika sokoni.

Kando ya Ziwa Victoria kuna mlaji mwingine wa kuni, naye ni samaki. Dagaa hukaushwa kwa jua. Sangara, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, ana mafuta mengi, hakauki vizuri juani. Hubanikwa kwa moshi au hukaangwa. Mchunguzi anayepima jikoni tu, asifike mwaloni, atakosa hesabu.

Baada ya nyumba huja msitu. Hupimwa kiwanja kidogo kwa kamba, kisha huhesabiwa miti iliyosimama, visiki, na machipukizi. Machipukizi ndiyo habari kubwa. Mkoani Shinyanga, ambako miti mingi ilikuwa imefyekwa, Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili, yaani kufunga malisho kwa majira. Tangu mwaka 1986 serikali iliwasaidia kuifufua desturi hiyo, na baadaye zaidi ya hekta 300,000 zilirudiwa na miti, mingi yao ikichipuka katika mizizi ya zamani, bila kupandwa na mtu. Butiama, si mbali na Nyegina, msitu wa Muhunda ulisalia kwa sababu Wazanaki waliuheshimu kuwa makao ya mzimu. Na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imekipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake wenyewe na kuuwekea kanuni.

Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilitoa mkakati wa kuwafikisha watu 80 katika kila 100 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Shabaha ni njema. Lakini gesi hununuliwa kwa fedha, tena mtungi mzima kwa mara moja, na kuni huokotwa. Kwa hiyo nyumba nyingi zenye mtungi zina mafiga pia. Mchunguzi mwangalifu haulizi tu, "Mna jiko gani?" Hutazama ni jiko gani lenye majivu ya leo.