Mnyama Aitwaye Rakuni

Katika nchi zetu rakuni hayupo porini. Asili yake ni Amerika, tangu kusini mwa Kanada hadi Panama. Aliyepata kumwona fungo atamfahamu upesi, ila rakuni ni mdogo zaidi. Ana manyoya ya kijivu, mkia wenye pete nyeusi, na baka jeusi kila jicho, kama mwizi aliyejifunika uso. Kwa maoni yangu sura hiyo yamstahili. Uzito wake kwa kawaida ni kilo 5 hadi 12.

Cha ajabu kwake ni mikono. Miguu yake ya mbele ina vidole vitano virefu vyenye hisia kali mno. Usiku hupapasa majini huku macho yakitazama kwingine, akamtoa kaa au chura. Jina lake la Kilatini lina maana ya mwoshaji, kwa kuwa rakuni waliofungiwa huchovya chakula majini kabla ya kula. Lakini shabaha yake si usafi! Mazoea ya kuwinda mtoni hayamtoki, tena maji huilainisha ngozi ya kiganja, na hisia zikazidi.

Makao ayapendayo ni misitu iliyo karibu na maji, na mchana hulala ndani ya shina la mti lenye uwazi. Jike huchukua mimba siku 63 hivi, akazaa watoto 2 hadi 5, vipofu, ambao hufumbua macho baada ya majuma 3 hivi. Dume hasaidii kulea hata kidogo. Porini wengi hufa kabla ya kutimiza miaka 5, bali akifugwa aweza kufikisha 20.

Mwaka 1934 watu waliachilia jozi mbili kando ya ziwa la Edersee, Ujerumani. Wazao wao, pamoja na wengine waliotoroka mahali walipofugwa kwa ajili ya manyoya, wameenea nchini. Kwa mikono ile ile hufunua mapipa ya taka, hupanda hadi darini mwa nyumba za mji wa Kassel, na kuiba mayai katika viota. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulimtia katika orodha ya viumbe wageni waharibifu. Wawindaji wa Ujerumani huua zaidi ya 100,000 kila mwaka, na bado hawaishi.